Koo la Gari Lilipojifunga Salaita

Usidhani nilikuwa nimelewa. Mimi sinywi, na ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Shemeji yangu Mwadime alikuwepo. Yuko hai, anaishi Mwatate, na ukimtajia Salaita hata leo atakuomba mzungumze jambo lingine.

Mimi ni fundi wa umeme hapa Voi. Nina kigari kidogo chenye turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Injini yake utaidharau mpaka ishike kasi. Bomba linalopitisha hewa kutoka kwenye chujio lilipasuka, na jipya likakosekana kila duka. Nikasema, mbona nisilitengeneze mwenyewe? Nikachukua kipande cha bomba la plastiki la maji, nikakipasha moto nikakipinda, nikakiunganisha na turbo kwa mpira mpana, nikakaza klipu. Chujio nikalisogeza mbele karibu na taa, livute hewa baridi. Kazi safi, niamini. Gari likaanza kupiga mluzi, nami nikajiona injinia.

Jumapili tukaenda kulijaribu barabara ya Taveta, mimi na Mwadime. Bura tulipita bila shida. Mbele huko barabara ikanyooka, nikalikanyaga hasa. Tulipokaribia kilima cha Salaita, nguvu zikakata. Nikikanyaga, linakoroma tu na kutoa moshi mweusi. Nikaegesha kando, injini nikaiacha ikinguruma, maana turbo ikiwa moto vile huizimi ghafla.

"Ngoja niombe maji kwa wale wachungaji tuliowapita," Mwadime akasema, akachukua dumu akaenda.

Nikafungua boneti, nikainama. Nilipoinua macho, mtu alikuwa amesimama upande wa pili wa gari. Sikusikia hatua. Alivaa kaptula ya kaki, na miguu ameizungushia vitambaa toka vifundoni hadi magotini. Nikadhani ni mlinzi wa shamba fulani. Nikamsalimu. Hakuitikia.

"Linakosa pumzi," akasema. "Koo limejifunga."

Na kweli! Nilipopandisha mwendo wa injini kwa kuvuta waya wa mafuta kwa kidole, nikaona ule mpira ukibonyea. Turbo ilikuwa ikiuvuta kwa ndani mpaka unaziba. Yule mtu akatoa mfukoni pete nene ya shaba, nyeusi kwa ukongwe. Akalegeza klipu kwa kucha. Kwa kucha, nakuambia! Akaipachika pete ndani ya mpira, akakaza.

"Weka mkono hapa, bwana. Usikie linavyopumua."

Kwa nini nilimtii? Mpaka leo sijui. Nikaweka mkono wa kulia pale alipokuwa ameweka wake. Palikuwa na ubaridi mtamu, kama maji ya mlimani. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasukapasuka.

"Tumengoja sana," akasema polepole. "Hakuna anayesimama."

Akaufunika mkono wangu kwa wake, akaukandamiza.

"Toa mkono! Shemeji, toa mkono! Unaungua!"

Mwadime alinivuta mpaka shati likachanika. Kiganja changu kilikuwa kimegandamana na chuma cha turbo, na harufu ya nyama ikanipanda puani. Maumivu sikuyasikia. Nikageuka kumtafuta yule mtu. Uwanda mtupu, nyasi fupi, hata mbuzi asingepata pa kujificha.

"Amekwenda wapi?"

"Nani? Nimekuona toka mbali," Mwadime akasema. "Ulikuwa peke yako. Unacheka."

Aliendesha yeye mpaka hospitali Taveta, na gari likaenda kama jipya. Wiki iliyofuata akafungua mpira. Pete ilikuwemo. Aliirudisha Salaita peke yake, akaiacha chini ya kilima. Mimi nilikataa kwenda. Wazee wa Taveta tuliowasimulia hawakushangaa. Pale walipigana Mjerumani na Mwingereza, vita vya kwanza vya dunia, wakasema, na askari wao weusi na waliobebeshwa mizigo yao wengi hawakuzikwa.

Kiganja kilipona, ila hakisikii moto. Nimekwisha kuungua mara tatu bila kujua, na mke wangu haniruhusu kumwogesha mtoto. Lakini kila siku saa saba mchana mkono huu huwa baridi, na nasikia uzito juu yake, kama umeshikwa.

Kwa hiyo ukiharibikiwa na gari pale, mtu akakujia, msalimu kwanza. Asipoitikia, funga boneti, ingia ndani. Msaada wake usiupokee, hata kama anajua kweli gari lina nini.