Mashine Isiyotumia Mafuta

Jamani, nisikilizeni kwanza, mtanicheka baadaye. Mimi ni Msabato wa Kiogoro, na kwetu nguruwe hatajwi hata kwa mzaha. Lakini tangu ninunue air fryer, ile mashine ya kukaanga bila mafuta, tamaa ilinishika! Jumatano, nikiwa peke yangu, nikachoma humo vipande vinne vya nguruwe nilivyonunua Kisii mjini. Vilitoka vimekauka vizuri juu, ndani laini! Nikala vyote, nikafukia mifupa kwenye migomba, nikafungua madirisha, kisha nikaimba wimbo wa kanisa kwa sauti.

Alhamisi akina mama wa kanisa wakaja kuona mashine. Furaha niliyokuwa nayo! "Haitumii mafuta hata tone," nikatangaza kama muuza sumu ya panya sokoni, nikajaza viazi vitamu. Vilipoiva, vikaisha palepale. Mama mkwe wangu, aliyekuja nao na ambaye hajawahi kunisifu, akalamba vidole.

"Moraa, leo umepika! Vina utamu fulani, sijui hata ni wa nini."

"Ni hewa moto tu, mama," nikajibu, kichwa kimevimba.

Akainuka anisaidie kuosha. Akavuta droo ya mashine, akang'oa kile kichujio cha chini, ambacho mimi sikujua kwamba kinatoka. Chini yake mafuta yalikuwa yametuama, na kipande cha ngozi yenye nywele ngumu kikielea.

Wote wakachungulia. Mama mkwe akanigeukia polepole.

"Moraa, mashine haitumii mafuta. Sasa haya ni ya nani?"