Rispah na Dresa Wabwile

Rispah wa Misikhu alikuwa mfinyanzi wa vyungu, mwanamke asiyependa kuhudumiwa na mtu mdogo. Mwaka wa 1951 sikio lake liliziba, na mumewe Jotham akamshauri, "Mama Nekesa, si uanzie dispensari kwa dresa Wabwile? Ni hapa tu."

"Wabwile ni wa kufunga vidonda," akajibu. "Sikio linataka daktari mwenyewe."

Akavaa gauni la kanisani, akapanda lori la mahindi mpaka hospitali kubwa ya Kitale. Kwenye benchi la wagonjwa akamkuta mtu ameshika shavu. Alikuwa Wabwile!

"Dresa! Na dawa zako zote zile?"

"Ni jino, mama," Wabwile akasema kwa aibu. "Jino linataka daktari mwenyewe."

Wakaangua kicheko, ingawa kicheko hicho kilimuuma Wabwile jino.

Daktari alilisafisha sikio kwa maji ya uvuguvugu, likatoka bonge la nta, na Rispah akasikia hata viatu vya wauguzi vikigonga sakafu. Jioni wakarudi kwa lori moja. Rispah alipiga soga njia nzima, na Wabwile, jino limeng'olewa na mdomo umejaa pamba, hakuweza kumkatiza.