Niliogopa kusema sili nyama, nikachinjiwa mbuzi Samuye

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi ni mmoja wa wale wasomaji wa kimyakimya. Miaka nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, naondoka. Leo nimeamua kufungua wa kwangu. Yote yamenitokea mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha sijazikata.

Kwanza mnijue. Naitwa Hitesh, ni Mhindi, nina miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wa chuo, nasomea mambo ya madini. Nimezaliwa Shinyanga mjini. Baba kazaliwa Shinyanga mjini. Tuna duka la vitenge na mashuka.

Nasema hivi kwa sababu kila nikijitambulisha lazima mtu aulize, "Sawa, lakini kwenu ni wapi?"

India nimeenda mara moja tu, nikiwa kidato cha pili. Nikaingia duka la nguo nikaongea Kigujarati changu cha Shinyanga. Muuzaji akanitazama juu mpaka chini, akapandisha bei palepale. Kanijua ni mgeni! Nilitamani kumwambia shikamoo.

Tuendelee.

Nyumbani kwetu hatuli nyama, samaki wala mayai. Ni mambo ya dini na malezi ya bibi yangu, sijaja hapa kumhubiria mtu. Nyumbani si tatizo. Tatizo ni nje.

Nilipokuwa shule ya bweni niliwahi kusema wazi mezani kwamba sili nyama. Jamaa mmoja akadakia, "Huyu anadharau chakula chetu." Wiki nzima nikaitwa Bwana Mchicha. Siku hizi nacheka, ila wakati ule iliniuma. Nikajiwekea utaratibu: mtu akinipa nyama, nasema nimeshiba. Basi.

Mwaka jana chuo kikanipangia field Geita, wiki nane, kwenye maabara ndogo ya kupima mawe. Nikapanda basi pale Shinyanga.

Kiti cha pembeni alikaa mama mmoja mchangamfu, anaenda Kahama. Tulipofika Isaka basi likasimama, wauzaji wakajaa madirishani. Mama akanunua mayai ya kuchemsha, akaniwekea mawili mkononi pamoja na chumvi yake.

"Kula baba, safari bado ndefu."

"Asante mama, nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu Tinde nasikia tumbo lako linanguruma."

Abiria wa nyuma wakacheka. Nikasema nitayala mbele ya safari. Tuliposhuka Kahama, mimi kubadilisha basi, nikampa kondakta yale mayai.

Hapo ndipo ningejifunza. Sikujifunza.

Geita nilipanga chumba mtaa mmoja wa Kalangalala na mwanafunzi mwenzangu, Masalu. Msukuma wa Samuye, mrefu, mpole, mtu wa kanisa. Tulikuwa tunajuana kwa sura tu chuoni.

Wakuu, kuwa kijana wa Kihindi Geita ni kazi ya ziada. Siku ya pili tu, natoka kununua sabuni, jamaa mmoja mwenye buti za tope akanisogelea, akaangalia kushoto na kulia, akanong'ona:

"Bosi, mzigo upo."

"Mzigo gani kaka?"

"Wa njano."

"Mimi mwanafunzi tu."

"Najua. Wanafunzi ndio mnaotumwa."

Ilibidi nimwonyeshe kitambulisho cha chuo. Akakisoma chote, akanirudishia, akasema nikiwa tayari nimtafute. (Naomba nisipate meseji kutoka kwenu. Sinunui dhahabu. Nanunua sabuni.)

Kwenye manunuzi sasa. Tulihitaji godoro, ndoo na sufuria. Masalu akaja na mbinu: "Wewe kaa mbali, wakikuona Mhindi watapandisha bei. Mimi ndiye nitakayeongea."

Nikakaa mbali. Nikamwangalia.

Masalu hajui kupatana bei hata kidogo! Akatajiwa bei, akasema "sawa mama," akaanza kuingiza mkono mfukoni. Mimi nimelelewa nyuma ya kaunta, nilihisi kuumwa. Nikakimbia.

"Mwangaluka mayu!" Nikamsalimia muuzaji kwa Kisukuma. Hicho nilifundishwa na Mama Shija, yaya wetu aliyenilea.

Muuzaji akashika kiuno. "He! Mwangaluka. Wewe umetoka wapi?"

"Shinyanga, mama. Hilo godoro litakuwa la huyu ndugu yangu, na mgongo wake unamsumbua. Tusaidie."

Tukabishana, tukacheka, bei ikashuka, na mfuniko wa sufuria tukapewa bure. Tangu siku hiyo Masalu alikuwa ananifuata sokoni hata akinunua vitunguu viwili.

Ndivyo tulivyokuwa marafiki. Kazini tunasaga mawe mpaka nywele zinakuwa nyeupe kwa vumbi, jioni tunaandika ripoti, Jumapili yeye kanisani, mimi nafua.

Uongo wenyewe ulianza wiki ya kwanza, kwa mama ntilie wa karibu na maabara. Nikaagiza wali maharage. Mama yule kwa ukarimu wake akaniwekea na vipande vitatu vya nyama juu, "karibu Geita." Nikavihamishia kwenye sahani ya Masalu.

"Vipi, huli nyama?"

Hapa palikuwa pa kujibu neno moja tu, "Sili." Lakini nikaiona ile meza ya bweni. Nikasikia Bwana Mchicha. Mdomo ukasema wenyewe:

"Nina vidonda vya tumbo. Daktari kanikataza."

Masalu akaacha kutafuna. "Pole sana ndugu yangu."

Wakuu, sijui kama mmewahi kusema uongo kwa mtu mwema kupita kiasi. Kuanzia siku hiyo Masalu akawa mlinzi wa tumbo langu. Pilipili ikahamishwa mezani. Chai ya rangi nikakatazwa. Asubuhi ananiuliza, "Limelalaje?" kana kwamba ni mtoto mchanga. Mimi najibu, "Limelala vizuri."

Na mimi napenda pilipili! Wiki nane bila pilipili. Nilikuwa namwomba mama ntilie aniwekee kwa siri Masalu akienda kunawa.

Field ikaisha. Tukafungasha, tukapanda basi kurudi. Tukiwa tumeshavuka Isaka, Masalu akasema:

"Hatuendi moja kwa moja Shinyanga. Tunashuka Samuye. Mama amesema asipokuona leo, na mimi nisifike."

Nikafurahi kwa kweli. Tukashuka mchana, na baba yake alikuwa amekuja mwenyewe mpaka barabarani kutupokea. Mzee Ng'wandu, mwembamba, kofia ya mkeka, sauti nzito. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Begi langu akalibeba yeye. Nilipomkataza akanikazia macho.

Nyumbani, pembeni ya zizi, alikuwa amefungwa beberu mmoja mwenye mabaka.

Mzee akasimama mbele yake. "Huyu ni wa kwako."

Sitajifanya kwamba sikuelewa. Nilielewa palepale. Yule mbuzi alikuwa hai, anatafuna majani, ananiangalia. Ningesema neno moja, angeendelea kutafuna mpaka leo.

Wazee wawili majirani walikuwa wameshafika, mama yake Masalu anakuja mbio akifuta mikono kwenye kitenge, watu wote nyuso zimechangamka. Nikasema:

"Wabeja sana baba."

Kelele za furaha! Mhindi kashukuru kwa Kisukuma! Mama Masalu akanikumbatia, mmoja wa wazee akapiga makofi. Mbuzi akapelekwa nyuma ya nyumba.

Nilikaa kwenye kiti nikaulizwa habari za Geita. Nilijibu, sikumbuki nilijibu nini.

Chakula kikaja. Mama Masalu akanipita na sinia la nyama, akalipeleka kwa wazee. Moyo ukatulia kidogo. Kisha akarudi na bakuli peke yake, amelishika kwa kitambaa, akaniwekea mbele.

"Mwanangu, Masalu alinieleza kwenye simu kuhusu hilo tumbo. Nyama ngumu umekatazwa, basi hii ni supu yako. Nimeichemsha tangu mbuzi alipochinjwa, sijatia pilipili, sijatia mafuta. Na maini nimekusagia yawe laini. Kunywa, utapona."

Akasimama pale. Hakuondoka. Alitaka kuniona nikinywa funda la kwanza.

Nikachukua kijiko. Nikakiinua. Nikamwangalia usoni.

Nikakirudisha.

"Mama, nimewadanganya. Sina vidonda vya tumbo. Sijawahi kuwa navyo. Mimi sili nyama kabisa, tangu kuzaliwa, kwetu ndivyo tulivyo. Niliona aibu kusema."

Mzee mmoja aliyekuwa na kipande mdomoni hakutafuna wala hakumeza.

Masalu akasema taratibu, "Wiki nane?"

Akanyanyuka, akatoka.

Mzee Ng'wandu akaweka chini kipande chake. "Yule mbuzi ulimwona?"

"Nilimwona, baba."

"Nikakwambia ni wako?"

"Uliniambia."

"Na mdomo ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

"Ukanishukuru." Akatikisa kichwa. "Mimi kwenye boma hili wamekuja watu wasiokula hiki na wasiokula kile, hakuna aliyefukuzwa. Ila hakuna aliyewahi kunishukuru kwa kitu asichokitaka."

Wakuu, angenipiga ingekuwa afadhali. Machozi yakanilenga, mtu mzima na ndevu zangu.

Mama Masalu alikuwa bado amesimama. Akauliza, na sauti yake haikuwa ya furaha:

"Sasa wewe unakula nini?"

"Kitu chochote mama. Ugali. Nsansa ya karanga. Mama aliyenilea alikuwa ananipikia. Michembe. Maziwa ya mgando." (Kwa wasiojua: nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa, michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa.)

Akanitazama. Akamtazama mume wake. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akashika mlango.

"Jamani! Nsansa iko jikoni imelala toka jana, nimeificha mgeni asiione! Nimehangaika siku tatu nawaza Mhindi nitamlisha nini, kumbe anataka chakula chetu cha kila siku!"

Wazee wakaangua kicheko. Yule mwenye kipande mdomoni akapata nafasi ya kumeza, akavuta bakuli langu la supu. "Tumbo langu mimi linaumwa kweli," akasema. Hata Mzee Ng'wandu akageuza uso pembeni, lakini mabega nikayaona yanacheza.

Kabla sijala nikaomba ruhusa nimfuate Masalu.

Nilimkuta kwenye uzio wa zizi, amenipa mgongo.

"Unajua nilikuwa nakuombea?" akasema bila kugeuka. "Kila siku."

"Samahani, Masalu."

"Husikii. Nilipeleka jina lako kwenye kikundi cha maombi cha pale Kalangalala. Watu kumi na mbili walifunga kwa ajili ya tumbo lako, Hitesh. Kuna mama mmoja alilia."

Nikasimama pembeni yake, tukawa tunaangalia ng'ombe. Nikasema:

"Basi waambie wamejibiwa. Tumbo ni zima."

Alijitahidi asicheke. Niliona anavyobana midomo. Ikashindikana. Alicheka mpaka akachuchumaa, na mimi nikachuchumaa, ng'ombe wanatushangaa.

Alipotulia akafuta macho. "Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi?"

Nikamweleza habari ya bweni, ya Bwana Mchicha, yote. Akasikiliza, akasema, "Ungeniambia siku ya kwanza ningekula nyama zako kwa amani. Wiki nane nimezila kwa huruma."

Tukarudi ndani. Nikala ugali wa nguvu na nsansa, nikaongezewa, nikaongezewa tena, Mama Masalu amesimama vilevile anahesabu matonge. Asubuhi Mzee Ng'wandu akatusindikiza barabarani. Nikamwomba radhi tena kwa ajili ya mbuzi. Akasema mbuzi ameliwa na walaji, hakupotea, na nikija tena nipige simu nitaje mboga.

Mwezi uliofuata nikamleta Masalu kwetu. Mara yake ya kwanza kula kwenye nyumba ya Wahindi. Bibi yangu alikuwa amepika tangu alfajiri: dengu, viazi, chapati, achari ya embe aliyoisindika mwenyewe. Akakaa mkabala naye, mikono mapajani, macho kwenye kijiko.

Masalu akaweka kijiko cha kwanza mdomoni. Nikaona jasho linamtoka pale juu ya pua. Moyo wangu ukaanza kwenda mbio kwa niaba yake, nikijua mimi ningesema nini.

Yeye akameza, akanywa maji, akasema:

"Bibi, chakula kitamu sana, lakini hii pilipili siiwezi."

Bibi akasema, "Oh!" Akainuka, akaleta bakuli la mtindi, akamchanganyia. Masalu akala akamaliza sahani.

Sekunde tano, wakuu. Hakuna aliyenuna, hakuna aliyetoka nje, hakuna kikundi kilichofunga.

Nilichojifunza ni hicho: mkarimu anataka ukweli wako mapema, kabla hajawasha moto. Nilidhani naficha nisiwaudhi watu, kumbe nilikuwa nawanyima nafasi ya kunipokea mimi mwenyewe. Na wale wa bweni nimewasamehe, walikuwa watoto kama mimi.

Siku hizi nikikaribishwa nasema mlangoni, kabla ya viatu kuvuliwa.

Na wewe mdau, ni chakula gani uliwahi kukila, au kukikwepa, kwa kuogopa kusema? Shusha kisa chako hapa chini tucheke pamoja. Wa Samuye, Tinde na Isaka mkipita humu, mwangaluka. Na yule mama wa mayai kama upo jukwaani: nisamehe, kondakta aliyafurahia sana.