Mshipi wa Mtani Wangu

Kwenye boti yetu kulikuwa na sheria moja tu: usiguse mshipi wa mwenzako. Samaki akishanasa kwenye ndoana yako, ni wewe na yeye. Sisi wengine tunaweza kukushauri, kukucheka, kukuombea dua au kukusogezea ndoo, lakini mkono wa mtu mwingine ukigusa tu ule mshipi, samaki si wako tena. Ni wa boti nzima, atakatwa mafungu, na huna ruhusa ya kusimulia sokoni kwamba ulimvua wewe. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa linauma. Kula tungekula wote vyovyote vile.

Boti ni ya nahodha wetu, mzaliwa wa Salale, kwenye visiwa vya delta. Ni chombo kidogo cha mbao chenye mashine ya kupachika nyuma, na watu watatu wakishakaa humo na ndoo zao, wa nne hana pa kuweka miguu. Wa pili wetu ni fundi cherehani wa hapa Kibiti. Kwao ni Chumbi, kwenye mashamba ya mpunga, ila wajomba zake ni watu wa delta, ukoo mmoja na nahodha, na ndio waliomfundisha bahari. Wa tatu ni mimi, mwalimu wa sekondari, Mnyamwezi wa Tabora, niliyeletwa huku na uhamisho nikidhani nitakaa kidogo niondoke. Mpaka leo nipo.

Mimi na fundi ni watani. Mnyamwezi na mtu wa Pwani wametaniana tangu enzi za mababu zetu waliokuwa wakishuka huku na mizigo kichwani, na fundi hakukubali nisahau hilo hata siku moja. Mara ya kwanza nilipompelekea suruali aipunguze, aliipokea, akaipima uzito mkononi, akaniuliza kama mzigo huo nimeutembeza kwa miguu kutoka Tabora. Nikamjibu kwamba ndiyo, na kwamba njiani niliambiwa Pwani watu hulala mpaka adhuhuri, nikashangaa kumkuta macho. Urafiki wetu ulianzia hapo.

Lakini utani si maneno ya sokoni tu. Mama yangu alipofariki nilikwenda kuzika, nikarudi Kibiti nikiwa sitamani chakula wala mtu. Majirani walikaa matanga nyumbani kwangu. Fundi akaingia amejitanda kanga, anachechemea na mkongojo, akapita moja kwa moja mpaka chumbani akalala kitandani kwangu. Akatangaza kwamba yeye ndiye marehemu, amerudi kuuliza kwa nini mwanawe hali, na kwamba hatoki mpaka aone sahani tupu. Nikala. Nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja. Sikumshukuru, maana mtani hashukuriwi.

Baadaye fundi akapata kiharusi. Mdomo ulirudi upesi, tukasema ndicho kiungo chake chenye haraka. Mguu ulirudi kwa taabu. Mkono wa kushoto haukurudi. Anaunyanyua, unakwenda anakoutuma, lakini ukifika vidole havibani kitu. Na cherehani inataka mkono wa kushoto uongoze kitambaa. Kazi ikahamia kwa mkewe, ambaye naye ni fundi mzuri tu, na yeye akabaki barazani kusalimiana na wapita njia. Wateja walimwita fundi kama zamani, kisha wakampita na kwenda kumkabidhi mkewe nguo. Nilikuwa nikiona anavyotazama chini.

Masika yalipokwisha akaanza kuulizia bahari. Mkewe akaniita pembeni.

"Shemeji," akaniambia, "mume wangu anataka kwenda kuvua na nyie. Nakwambia weye kwa kuwa nahodha ni ndugu yake, atamwonea haya. Huyu mtu asubuhi namfunga vifungo vya shati. Mkienda naye mkambeba, mkamvulia samaki mkamwekea kwenye kapu lake, atarudi hapa ajifungie chumbani na hatatoka tena. Miye namjua."

"Kwa hiyo asiende?"

"Aende. Ila msinirudishie mzigo."

Nikaitikia, kana kwamba jambo lenyewe lilikuwa mikononi mwangu.

Tulikwenda Jumamosi ya maji mafu, siku ambazo mkondo hauna nguvu na chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, inatulia chini. Mimi na fundi tulipanda pikipiki moja mishikaki mpaka Nyamisati, yeye katikati. Maji yalikuwa yametoka, na kati yetu na boti palikuwa na tope la kufika magotini. Nahodha akamtupia fundi upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Fundi akauegemea kwa bega, akavuka hatua kwa hatua, mguu mmoja akiuchomoa kwa kuvuta suruali yake kwa mkono wa kulia. Mimi nilikuwa nyuma yake nimejiandaa kumdaka, nikateleza, nikakaa kwenye tope mpaka kiunoni.

"Mgonjwa amepita," akasema fundi, "Mnyamwezi ndiye amezama. Andikeni."

Tulishuka na mto katikati ya mikoko hadi karibu na unapoingia baharini, mahali ambapo chini pana mawe na shimo refu. Nahodha akatia nanga. Niliyekuwa na hofu ni mimi, si fundi. Yeye alikuwa ameshaufikiria ule uvuvi wa mkono mmoja siku zote alizokaa barazani. Anavuta kwa mkono wa kulia, anaukanyaga mshipi kwa unyayo ili usirudi, anavuta tena. Chambo alikuwa akiwekewa na nahodha, akasema hilo halina aibu, hata sultani huwekewa chakula. Akapata changu, akapata samaki mdogo aitwaye tembo, akapata changu mwingine. Kila samaki alimtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilifurahi kwa namna ambayo nilishindwa hata kumtania.

Kisha akamnasa mkunga.

Kwa msomaji wa bara kama mimi nieleze kidogo: mkunga ni samaki mwenye umbo la nyoka na meno yasiyo na adabu, na wa kwetu huku delta anaweza kuzidi urefu wa mkono wa mtu mara mbili. Akivutwa haendi mbele kama samaki wengine. Anarudi kinyumenyume, anajizungusha, anatikisa kichwa, na ukimlegezea kidogo anaingia shimoni na hutamtoa. Fundi alivuta, akakanyaga, akavuta. Mshipi ulikuwa umelowa ute, ukawa unachoropoka chini ya unyayo. Jasho lilimtoka. Nahodha akamwambia apunguze haraka. Fundi akazidi kuvuta.

Mshipi ulipochoropoka tena, alifanya jambo ambalo hakuna mvuvi anayelifanya. Aliuzungusha kwenye kifundo cha ule mkono wake usiobana, mara moja, mara mbili, ili mkono uwe kigingi. Mkunga akavuta. Nikaona mshipi unazama kwenye ngozi. Nikamtazama nahodha, nahodha akanitazama mimi, na nikajua anawaza ninalowaza: tukiugusa, leo ndiyo siku yake ya mwisho baharini, tusipougusa, atakatika mkono.

Hapo nikaona njia. Mtani anaruhusiwa kunyang'anya. Akiona kuku wa mtani wake anamchukua, na mwenye kuku anabaki kutukana tu. Nahodha asingeweza, yeye ni ndugu. Mimi niliweza. Nikaruka, nikaukamata mshipi mbele ya mkono wa fundi, nikapaza sauti kwamba huyu mkunga nimempenda, kwamba Wanyamwezi tumebebeshwa mizigo ya Pwani miaka mingi na leo tunajilipa. Nikavuta. Mshipi ukalegea kifundoni mwake. Nikamleta mkunga juu, nahodha akampiga rungu la kichwa, kazi ikaisha.

Fundi alinitukana mpaka Nyamisati. Alinitukana mimi, mji wangu, reli yetu, embe zetu na asali yetu. Nahodha alicheka hadi akakosea njia kwenye mikoko. Nami nikawa namjibu tusi kwa tusi huku moyoni nikijipongeza. Nilikuwa nimemwokoa mkono na nimemwachia heshima yake, maana aliyeporwa si mzigo, aliyeporwa ni mtu mwenye mali. Nilipomfikisha kwake nikamwambia shemeji kwamba mumewe amevua vizuri na mimi nimemwibia. Shemeji akacheka. Nikalala usingizi mzuri sana.

Kesho yake fundi akaja nyumbani. Akapiga hodi, akaingia, akakaa.

"Mwalimu," akasema.

Tangu tujuane hajawahi kuniita mwalimu. Nikazima redio.

"Jana ulinitania au ulinihurumia?"

"Nilikutania. Mali ya mtani nimechukua, unataka kunishitaki?"

"Utani naujua. Nimelala kitandani kwako siku ya msiba, naujua. Mtu anayetania haangalii kwanza uso wa mwenzake. Nyie mliangaliana."

Nikakasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na sikuona kwa nini nihojiwe kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikamwambia mshipi ule ungemkata, kwamba hata sasa kifundo chake kina alama nyekundu, anyanyue tukitazame. Nikamwambia kwamba kama angebaki na mkono mmoja kweli, mkewe angekuja kuniuliza mimi.

"La mkono una haki," akasema. "Nilifanya ujinga, sitaufunga tena. Lakini hukuniambia niufungue. Ungeniambia ningeufungua, na mkunga angekwenda zake. Weye ukaona bora nipate samaki."

"Si ndiyo tulichofuata?"

Alikipapasa kile kifundo chenye alama. Kisha akasema polepole, na mdomo wake ule mwepesi ulikuwa mzito. "Mkono umeondoka, sikuulizwa. Kazi imeondoka, sikuulizwa. Samaki wangu nataka nimpoteze miye mwenyewe. Kama hilo hamliwezi, semeni, nikae barazani."

Nilimwambia nimesikia, akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaenda zake. Nilibaki na hasira mpaka jioni. Kusema kweli ninayo kidogo hadi leo, maana ni vigumu kumtazama mtu unayempenda akishindwa jambo ambalo mkono wako mzima ungelimaliza mara moja. Watu husema bahari inafundisha subira. Mimi haijanifundisha. Mimi hukaa tu.

Maji mafu yaliyofuata tukarudi palepale kwenye shimo. Safari ile fundi hakupata kitu kwa muda mrefu, mimi na nahodha tukawa tunapata. Mara mshipi wake ukashuka kwa uzito ambao sote tuliuona. Haukutikisika kama wa mkunga. Ulikwenda chini moja kwa moja, taratibu, kwa nguvu. Nahodha akasema ni chewa, na ni mkubwa, na anaelekea kwenye mawe.

Fundi akavuta, akakanyaga. Akavuta, akakanyaga. Alimpandisha kidogo. Tulimwona ameinuka kidogo kwenye kiti chake, mishipa ya shingo imemtoka. Chewa akashuka tena na kuchukua mshipi wote ambao fundi alikuwa ameuvuta. Nahodha akageuka akaanza kuifungua mashine ambayo haikuwa na ubovu wowote. Mimi nilikalia viganja vyangu. Sisemi kwa mfano, niliviweka chini ya mapaja nikavikalia.

Mshipi ukaanza kuchoropoka chini ya unyayo. Fundi akautazama mkono wake wa kushoto. Akautazama muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, na mimi nikafungua mdomo, nikaufunga. Kisha akainua mguu, akafungua vidole vya mkono wa kulia, akaacha. Mshipi ukakimbia juu ya ukingo wa boti, ukafika mwisho wake uliofungwa botini, ukasimama, ukatetema, ukakatika.

Aliuvuta ule uliobaki mpaka ncha ikatoka majini bila ndoana wala chubwi. Akaishika ncha akaitazama. Nahodha hakugeuka. Halafu fundi akaanza kusema na yule chewa kwa Kindengereko, lugha ya wajomba zake, kwa kirefu, kwa utulivu, na ingawa sikuelewa hata nusu, nahodha alianza kucheka mabega yakimtikisika, kisha fundi mwenyewe akacheka, na mimi nikacheka kwa kuwa sikuweza tena kukaa hivyo.

Nilipomfikisha kwake, aliniacha mlangoni hata kunikaribisha akasahau. Alipita ndani akiita majirani wa uani, na kabla sijashuka kwenye pikipiki alikuwa ameshaanza kuwaeleza jinsi boti nzima ilivyoinama upande mmoja. Shemeji alikuwa kwenye cherehani. Akachungulia kapu la mumewe, akalikuta tupu, akanitazama kwa wasiwasi.

"Hakupata kitu?"

"Alikuwa na chewa mkubwa. Amekata mshipi."

"Na nyie mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa hapohapo. Tumekaa."

Akasikiliza ile sauti ya uani, ambayo sasa ilikuwa imefika mahali chewa anashuka. Akasimamisha cherehani kwa kiganja, akaupeleka upindo wa kanga machoni.

"Kwa hiyo alimpoteza mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe," nikamjibu.