Ini la Gancho kwenye Dirisha la Kuku

Jirani yangu Dobrina hatupi kitu. Ndoo ikitoboka hupandwa maua, soksi ikipoteza mwenzake hufungiwa vitunguu. Mumewe Gancho alizoea kumwambia, "Mwanamke wewe, mwisho utanitia na mimi kwenye kopo."

"Kopo la kukuenea wewe bado halijatengenezwa," humjibu.

Msimu uliopita wa plamu, Gancho alikwenda mjini kupimwa mawe ya figo. Mawe yakaonekana, na kwenye ini likaonekana doa ambalo hakuna aliyelitafuta. Daktari Velcheva hakumficha.

"Huenda ni fundo la mishipa ya damu tu, halina madhara. Huenda ni saratani. Picha hii peke yake hainitoshi. Huna ya zamani?"

Kwetu picha za hospitali hutunzwa na mgonjwa mwenyewe. Gancho alikuwa nazo za tumbo zima, tangu alipoanguka kutoka mtini miaka kumi na miwili iliyopita. Alirudi uso umempauka.

"Dobrina, zile karatasi nyeusi za plastiki za hospitali ziko wapi?"

Dobrina akajishika shavu. Alikuwa amezipigilia misumari kwenye banda la kuku, kioo cha dirisha kilipopasuka.

"Umewapa kuku ini langu!"

"Wao angalau hawajalilalamikia."

Basi tukazing'oa, mimi nikishika ngazi. Lakini Dobrina alipoanza kuziosha kinyesi kwa maji vuguvugu, alizisugua kwa ncha ya kidole, moja moja, kama anayeosha mtoto mchanga. Hatukutaniana tena.

Mjini, daktari aliziweka mbele ya taa, akapima doa kwa rula, akapima tena. Kisha akampiga Gancho picha mpya, safari hii kwa dawa ya kuangaza mishipa.

"Ni lile lile," akasema. "Sentimita mbili tangu siku ile, na dawa inaingia kama inavyoingia kwenye fundo la mishipa. Si saratani, mzee wangu. Nenda nyumbani." Akainusa picha ya zamani. "Hivi hao kuku mnawalisha nini?"

Dobrina ndiye aliyelia, hapo hapo, leso mdomoni.

Siku hizi dirisha la banda lina kioo kipya, na mahindi ya kuku hupelekwa na Gancho mwenyewe. Mayai ya Jumamosi ni ya daktari. Jana nilimsikia Gancho uani akiita, "Dobrina, hili kopo lililotoboka nilitupe?" Kabla hajajibiwa akajijibu, "Basi, basi, naliweka."