Kamba ya Kichwani

Uisdean alipofariki aliacha wosia wa mambo mawili kwa Ruairidh, mzee wa kanisa. La kwanza, abebwe mabegani kwa njia ya zamani, avushwe milima ya kisiwa chao cha Harris hadi makaburini upande wa magharibi. Habari za gari la maiti asizisikie. La pili, mdogo wake Torcuil asishike kamba ya kichwani.

Huko kwao jeneza hushushwa kaburini kwa kamba, na ya kichwani huwa ya ndugu wa damu. Ndugu aliyebaki alikuwa Torcuil peke yake. Walikuwa hawasemezani tangu Torcuil alipoiuza mashua ya baba yao, na kaka yake kamkanya waziwazi asithubutu.

"Basi ashike nani?" Torcuil aliuliza, macho kayaelekeza kwenye buti zake.

"Kasema yeyote," Ruairidh akajibu. "Hata mpita njia."

Mpita njia akapatikana. Aliitwa Emrys, mwalimu mstaafu kutoka Wales, aliyekuja kutembea na kutafakari mambo ya kale. Wabebaji walikuwa wazee watupu, mwenye magoti mazima hayupo, kwa hiyo kabla hajamaliza kutoa pole alijikuta chini ya jeneza, bega kwa bega na Torcuil.

Kwenye rundo la kwanza la mawe, mahali pa kupumzikia, wakatua. Chupa ya wiski ikazunguka.

"Kwa nini hamziki huko huko kwenu?" Emrys aliuliza, akihema.

"Kwetu ni mwamba mtupu. Unachimba kaburi unavunja sururu," Torcuil alisema. "Babu zetu walikuwa kule magharibi kwenye udongo. Mwenye ardhi akaona kondoo wana faida zaidi, akawafukuza."

Emrys akageuka kutazama upande wa magharibi. "Kwa hiyo mtu hurudi shambani kwa babu yake akiwa maiti."

"Ndiyo. Na hapo hafukuzwi tena."

"Kijijini kwetu walijaza maji bonde zima, ili mji wa mbali upate kunywa. Sisi hata tukifa haturudi."

Torcuil akaichukua chupa. Akamwongezea wiski.

Walifika makaburini mvua ikinyesha kama kawaida yake. Sala ikasomwa, ndefu, na Ruairidh akagawa kamba. Ya kichwani akamkabidhi Emrys. Torcuil aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na uchungu ambao hakuutarajia kwa mtu waliyenuniana naye hivyo.

Emrys alikuwa amekwisha kunong'onezwa kisa chote njiani. Akamnyooshea kamba. "Chukua, bwana. Huyu ni wa kwenu."

Ruairidh aligeuka akaanza kutazama bahari kwa bidii. Wengine nao wakaikumbuka bahari. Mkono wa Torcuil ulikwisha nyanyuka, vidole vimefunguka. Akaurudisha mfukoni.

"Hapana. Kanikanya maisha yake yote, sijamsikiliza hata siku moja," alisema. "Leo namsikiliza. Shika wewe."

Emrys akashika. Jeneza likaanza kushuka.

"Polepole hapo kichwani, mwalimu," Torcuil alimwambia. "Shingo ilikuwa inamsumbua."