Nundu ya Sufuria ya Mama Mkwe

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi kijana wa kuchomelea kwenye karakana ya misheni, Ushirombo. Wenzangu walijivunia suruali za bugaluu, zilizopanuka miguuni. Mimi nilijivunia kunoa sindano. Ile sindano ngumu ya tangsteni ndiyo hutoa moto wa kuchomelea. Nilikuwa naielekeza kwenye jiwe la kunolea kwa urefu wake, naizungusha taratibu, mpaka inatoa ncha ya kutisha. Kwa kazi za chuma hakuna aliyenipata, na nilihakikisha wote wanalijua hilo.

Fundi mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alinionya mara nyingi. "Chuma kinataka ncha. Alumini inataka kichwa cha mviringo. Ukiipa ncha, itayeyuka ikudondokee kwenye kazi."

"Ndiyo, mzee," nilimjibu, huku nikiwaza kwamba ananionea wivu.

Wakati huo nilikuwa nimeposa. Baba wa binti alikubali, ila mama alikuwa bado anasitasita: mtu wa mjini, wa Ngokolo kule Shinyanga, jembe hajui, kutwa anachezea cheche! Asubuhi moja akaja karakana na sufuria yake kubwa ya alumini, ile ya kupikia harusi na misiba ya ukoo mzima. Ilikuwa imepasuka kitako.

Kule mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani. Basi alisimama mlangoni, amenipa kisogo, akaongea na mzee kana kwamba mimi sipo.

"Fundi, nasikia hapa kuna mtu anajua kuchomelea."

"Wanasema yupo, mama."

"Aizibe hii. Ikishika maji, mwanangu nampa. Isiposhika, arudi kwao Shinyanga."

Mzee alinitazama juu ya miwani, akaenda kukaa. Nilijua kabisa kwamba ile ni alumini. Lakini mama mkwe alikuwa pale, nami nilitaka asikie jiwe langu linavyolia. Ncha ikatoka nzuri ajabu. Nikawasha moto, ncha ikayeyuka, ikadondoka, moto ukayumba, na ule ufa ukawa tundu la kupitisha yai.

"Fundi, mbona kimya?" sauti ikauliza mlangoni.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mzee," nikasema kwa sauti, "mwambie mama nimekosea. Ulinionya, sikusikia. Nimeitoboa sufuria yake. Naomba nirudie."

Mama akajifunga kanga upya, bado amenipa kisogo.

"Mwambie arudie. Nipo."

Nikaikata ile ncha, nikaiacha sindano ijifanyie kichwa cha mviringo kwa moto wake yenyewe. Nikasaga uchafu wote, nikaziba tundu tone kwa tone. Ilibaki nundu mbaya, kubwa kama yai, lakini maji hayakupita. Mama akajitwika sufuria yake, akaenda zake, na wiki hiyohiyo akakubali.

Tangu hapo, kila nilipoenda ukweni niliikuta sufuria juu ya kichanja cha vyombo, kitako kimenielekea, nundu yangu inang'aa juani. Alikuwa ameisugua kwa mchanga. Hakunisemesha hata siku moja, lakini alinitania hivyo miaka yote, na nilimpenda sana kwa utani ule.

Alipofariki, sufuria ililetwa kwetu. Mke wangu akaiosha, akaianika kitako kimeelekea ukutani ili nisione aibu. Nikainuka kwenye kiti changu, nikaigeuza.